ERP ya zamani, seva zilizochoka, na bosi anayetaka klaudi

Swali la mkuu huyu nalifupisha ili kila anayesoma afuatilie. Kampuni yao ina ERP (programu moja inayoendesha mahesabu, stoo na mauzo) waliyonunua zamani na wameifanyia marekebisho mengi, inakaa kwenye seva mbili pale ofisini, moja ya databesi (SQL Server 2016 ya Microsoft, kama gigabaiti 600 hivi) na nyingine ya programu yenyewe. Watumiaji ni kama 80, ofisi kuu na matawi manne. Seva zimechoka, waranti imeisha, na bosi hataki kusikia habari ya kununua nyingine, anataka klaudi, yaani seva za kukodi kwenye vituo vya data vya kampuni nyingine. Venda (kampuni iliyowauzia ERP) anawasukuma waende kwenye toleo lake jipya la kulipia kila mwezi, mtu wao wa IT anasema tuzichukue mashine kama zilivyo tuzipandishe tu. Anauliza nani yuko sahihi, gharama zitashuka kweli au la, na biashara itasimama kwa muda gani.

Jibu fupi ni kwamba mtu wenu wa IT yuko karibu zaidi na ukweli, ila kuna sharti moja nahisi hajalitaja na ndo nitalichimba sana hapa, manake ndo linaloua miradi mingi ya aina hii. Gharama msimwahidi bosi kwamba zitashuka. Biashara ikipangwa vizuri inasimama wikendi moja, tena sio lazima wikendi nzima.

Nianze na venda. Simlaumu, kila kampuni ya programu sasa hivi inataka wateja wake wawe wa kulipia mwezi kwa mwezi, na nyingi zimeshatangaza tarehe za kuacha kuhudumia matoleo ya zamani. SAP wamesema msaada wa kawaida wa matoleo ya karibuni ya ERP yao ya ECC 6.0 unaishia mwisho wa 2027, wanaotaka kuongeza walipe zaidi hadi 2030. Microsoft nao, ERP yao ya Dynamics GP msaada wake wa kawaida unakoma mwisho wa 2029, viraka vya usalama hadi Aprili 2031. Kwa hiyo presha ni ya kweli, haijatungwa. Lakini elewa unachoambiwa: toleo la kulipia mwezi sio ERP yenu ikiwa imehamia sehemu nyingine, ni ERP nyingine kabisa. Yale marekebisho mliyofanya miaka yote hiyo, ile ripoti ya kamisheni, ile skrini ya stoo ambayo haipo popote duniani isipokuwa kwenu, hayaendi. Ama yanaandikwa upya kwa namna toleo jipya linavyoruhusu, ama mnaachana nayo na kubadilisha utaratibu wa kazi. Huo ni mradi wa kubadilisha biashara, unahitaji watu wa fedha, wa stoo na wa mauzo wakae mezani miezi mingi, hauwezi kufanyika kwa haraka eti kwa sababu feni ya seva imeanza kulia. Mimi ningetenganisha haya mambo mawili: sasa hivi okoeni mfumo kutoka kwenye vyuma vilivyochoka, alafu swali la kubadilisha ERP mlifanye kwa utulivu mkiwa hamna bunduki kichwani.

Sasa lile sharti. Hizi ERP za kizazi hicho zilitengenezwa kwa kuamini kwamba kompyuta ya mtumiaji na databesi viko kwenye jengo moja, vimeunganishwa kwa waya. Programu iliyosakinishwa kwenye kompyuta ya mhasibu haiombi vitu kwa mkupuo, inauliza databesi swali dogo, inasubiri jibu, inauliza jingine. Akifungua invoisi moja yenye mistari 40, programu inaenda kuuliza jina la mteja, alafu kikomo cha mkopo wake, alafu kwa kila mstari inauliza bidhaa, bei, kodi, kilichobaki stoo, kipimo, na kadhalika, unakuta skrini moja tu imeuliza maswali 1,500. Ofisini kila swali linakwenda na kurudi chini ya nusu milisekunde, jumla haifiki hata sekunde moja, hakuna anayehisi kitu. Sasa chukua ile databesi uipeleke kwenye kituo cha data kilicho mbali, safari ya kwenda na kurudi iwe milisekunde 80, zidisha kwa maswali 1,500, unapata sekunde 120. Dakika mbili kufungua invoisi moja! Hapo ndo unasikia watu wanalalamika kwamba klaudi ni jina tu, kumbe seva iko mbio sana na haina kazi, prosesa inasoma asilimia 5, shida iko kwenye safari.

Na msije mkadanganyika kununua laini kubwa zaidi ya intaneti. Ni kama kujaza pipa kwa kijiko, hata ukipanua barabara ya kwenda kisimani kijiko ni kilekile. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kituo kilicho umbali wa kilomita 5,000 za waya hakiwezi kukujibu chini ya milisekunde 50 hata ulipe nini, na kwenye maisha halisi ni zaidi ya hapo kwa sababu waya haunyooki na kuna vifaa njiani.

Kwa hiyo sharti lenyewe ni hili: programu na databesi yake haviachanishwi. Ukihamisha databesi, hamisha na seva ya programu siku hiyo hiyo, na (hapa ndo wengi wanasahau) hamisha pia ile programu inayokaa kwenye kompyuta za watumiaji. Mnaweka huko huko klaudi seva moja au mbili ambazo watumiaji wanaingia kwa mbali, programu inafunguka kule kule pembeni ya databesi, wao kwenye skrini zao wanaona picha tu na kutuma vibonyezo. Maswali yale 1,500 yanabaki ndani ya kituo cha data, kinachosafiri ni picha, na kwa milisekunde 80 mtu anafanya kazi bila kero kubwa. Kama ERP yenu ina toleo la kufungulia kwenye brauza basi raha zaidi, ila hakikisheni toleo hilo lina skrini zote mnazotumia, mara nyingi la brauza linakuwa na nusu yake tu.

Kabla hamjalipa hata senti, pimeni. Kuna programu ya bure ya Windows inaitwa clumsy, unaiweka kwenye kompyuta moja ya majaribio, unaiambia icheleweshe mawasiliano yote ya kwenda kwenye databesi kwa milisekunde 40 kila upande, alafu mwite mhasibu afanye kazi zake za kawaida: afungue invoisi, apokee mzigo, atoe ripoti ya wadaiwa. Muache bila kumwambia umefanya nini, sura yake itakupa jibu. Kwenye SQL Server mnaweza pia kurekodi maswali yote ya mtumiaji mmoja kwa dakika tano na kuyahesabu. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja na inamaliza ubishi wote uliopo kati ya IT na venda.

Jambo la pili lenye uzito, na hili halina utaalamu mkubwa ila lina uchovu mwingi, ni vitu vidogo vinavyoning'inia kwenye hizo seva bila mtu kujua. Seva iliyokaa ofisini miaka mingi huota mizizi. Kuna faili la Excel la mtu wa mauzo linalovuta data moja kwa moja kutoka databesi kwa anwani ya IP iliyoandikwa ndani yake. Kuna folda ambayo benki inashusha faili la malipo na ERP inalisoma usiku. Kuna mizani au skana ya stoo inayoongea na seva kwa njia aliyoiweka fundi ambaye keshaacha kazi. Leseni ya ERP yenyewe inaweza kuwa imefungwa kwenye kile kidude cha USB kilichochomekwa nyuma ya seva, na mashine ya klaudi haina mahali pa kuchomeka USB, muulizeni venda mapema kama anatoa leseni ya faili badala yake, manake akijua mna haraka bei inabadilika.

Njia ya kuvikamata ni kurekodi nani anaongea na hizo seva kwa muda, kwenye fayawoli au kwenye seva zenyewe, na rekodi hiyo lazima ivuke mwisho wa mwezi, manake kuna vitu vinaamka siku ya kufunga mahesabu tu. Mkiweza kuvusha na mwisho wa robo mwaka, bora zaidi.

Viwili vinastahili kutajwa peke yake kwa sababu havionekani kwenye majaribio. Cha kwanza ni saa. Mashine mpya za klaudi kwa kawaida huja zikiwa na saa ya UTC, ile saa ya kimataifa. Kama saa zenu ziko mbele ya UTC kwa masaa matatu, invoisi aliyopiga mtu wa zamu ya usiku saa nane usiku tarehe 1 itaandikwa tarehe ya jana yake, yaani mwezi uliopita, na kama mwezi ule umeshafungwa ERP inaikataa, au mbaya zaidi inaikubali. Wekeni saa sahihi kwenye kila mashine kabla ya kurudisha databesi, na kama mnatumia huduma ya databesi inayosimamiwa na klaudi wenyewe chunguzeni kabisa, manake zingine hazikuruhusu kubadilisha, Azure SQL Database ya Microsoft kwa mfano iko UTC moja kwa moja. Cha pili ni barua pepe. Klaudi za Amazon (AWS), Google na Microsoft (Azure) kwa akaunti nyingi wanafunga poti 25 ya kutoka, yaani mlango ambao seva hutumia kutuma barua pepe, kuzuia spamu. ERP yenu ambayo imezoea kutuma invoisi kwa wateja kupitia poti hiyo itatuma, haitaonyesha kosa lolote la maana, na wateja hawatapokea kitu. Mtagundua pale malipo yatakapochelewa. Tumieni huduma ya kutuma barua yenye poti 587 na mjaribu kabla.

Printa pia, kwa kifupi: mtumiaji akiwa anafanyia kazi kwa mbali printa yake iko kwake lakini programu iko kule, risiti na lebo ndo husumbua zaidi kuliko karatasi za kawaida. Jaribuni kila aina ya printa mliyonayo, kwenye kila tawi.

Tuje kwenye hela. Watu wanalinganisha bei ya seva mpya na bili ya mwezi ya klaudi, wanaona klaudi ndogo, wanashangilia. Seva ya ofisini uliinunua mara moja ukaitumia miaka sita au saba hata baada ya kwisha thamani kwenye vitabu, mita ya klaudi haichoki. ERP ni mashine inayowaka saa zote, sio kama tovuti ambayo inajaa watu leo kesho tupu, kwa hiyo ile sifa ya kulipia unachotumia haiwasaidii sana. Mnaweza kupunguza kwa kujifunga mkataba wa mwaka mmoja au mitatu, punguzo lake ni la maana, lakini msijifunge siku ya kwanza, kaeni kwanza miezi miwili mitatu mjue mnahitaji mashine ya ukubwa gani. Sehemu nyingine ya kuokoa ni mashine za majaribio: wiki ina masaa 168, watu wa majaribio wanafanya kazi masaa 50, zimeni usiku na wikendi. Angalizo kwenye Azure, ukizima mashine kutoka ndani ya Windows yenyewe bili inaendelea kama kawaida, mpaka izimwe kutoka kwenye paneli ya Azure ndo mita ya mashine inasimama, na diski mnaendelea kuilipia vyovyote vile.

Mtego mkubwa wa hela lakini ni leseni ya databesi. SQL Server mara nyingi inalipiwa kwa kori, yaani kwa kila kiini cha prosesa. Kwenye seva yenu ya ofisini mmelipia kori halisi, tuseme nane, ingawa Windows inaonyesha kumi na sita kwa sababu kila kori inafanya kazi mbili kwa pamoja. Klaudi wanauza kwa zile kumi na sita, na Microsoft inahesabu kila kori pepe ya mashine kama kori ya kulipia, na hata mashine ndogo kiasi gani inahesabiwa angalau kori nne. Mkichukua mashine ya ukubwa uleule kwa macho, mnaweza kujikuta mnadaiwa leseni mara mbili. Alafu kuhamisha leseni mlizonazo kwenda kwenye mashine za mtu mwingine kwa kawaida kunahitaji muwe na mkataba hai wa Software Assurance (mkataba wa nyongeza wa Microsoft juu ya leseni), kama uliisha zamani mtalipia leseni upya ndani ya bili. Databesi mara nyingi inataka memori na diski ya haraka kuliko prosesa, kwa hiyo tafuteni zile aina za mashine zenye memori kubwa na kori zilizopunguzwa, zipo makusudi kwa ajili ya ishu hii. Na kwenye diski, angalieni kikomo cha mashine sio cha diski peke yake, watu hununua diski ya kasi wakaifunga kwenye mashine ndogo ambayo yenyewe ina kikomo chake, hela inaenda kasi haionekani.

Hilo toleo la 2016 nalo msaada wake wa mwisho ni tarehe 14 Julai 2026, kwa hiyo msihame nalo kama venda anakubali jipya. Ila msibadilishe vyote wikendi moja. Pandisheni toleo kwanza hapahapa au kule, mkae nalo, alafu mwendelee. Kitu kikiharibika mnataka kujua ni kipi kilichoharibu.

Kuhusu muda wa kusimama. Gigabaiti 600 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde, hesabu ya makaratasi ni kama masaa 13 na dakika 20, uhalisia ni zaidi. Wengi wanafika Ijumaa jioni, wanafunga mfumo, wanaanza kupandisha hiyo faili, Jumapili usiku bado wanaomba Mungu. Haina haja. Pandisheni bekapu kubwa wiki moja kabla watu wakiwa kazini kama kawaida, irudisheni kule iwe kwenye hali ya kusubiri, kisha kila siku mnaipelekea logi za mabadiliko. Siku yenyewe mkifunga mfumo mnatuma logi ya mwisho tu, dakika kadhaa, databesi inafunguka. Muda uliobaki ndo wa kukagua: urari wa hesabu, thamani ya stoo, jumla ya wadaiwa na wadai, vyote vichapishwe kwenye mfumo wa zamani baada ya kufunga na vilingane mpaka senti na mfumo mpya, asaini mtu wa fedha sio mtu wa IT. Fanyeni mazoezi kamili angalau mara mbili kabla, na saa mkononi. Msihame mwisho wa mwezi.

Pangeni pia saa ya kurudi nyuma, tuseme Jumapili saa kumi jioni, kama hesabu hazijalingana mnarudi kwenye seva za zamani bila mjadala na hakuna wa kuaibika. Ikishafika Jumatatu watu wameingiza oda 300 mpya, kurudi ni kuzipiga upya kwa mkono. Benki ya TSB ya Uingereza Aprili 2018 ilihamisha mamilioni ya wateja kwa mkupuo kwenye mfumo mpya, hadi wateja milioni 1.9 wakajikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao, na Desemba 2022 ikapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Nyie ni wadogo kuliko hao, ila mkupuo ni mkupuo.

Mwisho bekapu na mkataba, manake bosi atakwambia klaudi haipotezi data. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha kampuni ya klaudi ya OVHcloud pale Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, jengo moja likateketea lote, na kuna wateja walipoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilikuwa hapohapo. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia, UniSuper, wenye wanachama zaidi ya laki sita, ulikuta mazingira ya mashine zake kwenye Google Cloud yamefutwa kwa kosa la mipangilio la upande wa Google, ikachukua kama wiki nzima kuanza kurudi, na moja ya vitu vilivyowasaidia ni bekapu walizoweka kwa kampuni nyingine. Kwa hiyo nakala moja ikae nje ya akaunti hiyo kabisa, kwa pasiwedi nyingine na mtu mwingine, na kila robo mwaka mjaribu kuirudisha. Kwenye mkataba mkiona asilimia 99.9 hiyo inaruhusu kama dakika 43 za kulala kila mwezi, na fidia yake huwa ni punguzo kwenye bili, sio hasara ya mauzo yenu.

Na zile seva za kuingilia kwa mbali zisiwe wazi kwenye intaneti kwa poti 3389 (mlango wa kuingilia Windows kwa mbali), zinashambuliwa ndani ya masaa machache tu. VPN (njia ya siri ya kupitia intaneti) na uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mtu, bosi akiwemo, yeye ndo atakayelalamika zaidi.

Seva za zamani mkishahama zichomoeni kwenye mtandao ila msizifute mpaka mfunge mwaka wa fedha na mkaguzi amalize. Kama kidude cha USB bado kimechomekwa nyuma, kiacheni hapohapo.